Kitambaa Hakikatwi Kabla ya Kupima



Mwaka jana nilipeleka magauni ya harusi na mitandio Mbeya na Iringa. Nikiwa Iringa, mteja mmoja alikuja nimshonee gauni la harusi ya mdogo wake. Nilipomzungushia futi kiunoni, akaanza kulia.

Mumewe alikuwa amegundulika ana virusi vya UKIMWI, ameanza dawa, na alimweleza mwenyewe akamsihi naye akapime. Miezi mitatu imepita, hajaenda. "Dada, nikipima nitajua. Afadhali nisijue."

Sikumlaumu. Nilimwambia ninachokijua kwa kazi yangu: kitambaa hakikatwi kabla ya kupima. Asubuhi yake nikamsindikiza kituo cha afya. Tone la damu kidoleni, bila malipo, na majibu yakatoka muda si mrefu. Alhamdulillah, hakuwa na virusi. Muuguzi akampangia siku ya kurudi kupima tena, akamweleza kuhusu dawa kinga, na kwamba mumewe akimeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza kwa tendo la ndoa. Na lau angekutwa navyo, angeanza dawa mapema akaendelea kulea wanawe.

Utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulikuta virusi kwa asilimia 11.1 ya watu wazima Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, nchi nzima ni asilimia 4.4. Sisi wa visiwani husema hayo ni ya bara. Lakini waume zetu husafiri, na sisi pia. Niliporudi nikajiona mnafiki: mimi mwenyewe sijawahi kupima na mume wangu. Nilichelea ataona simwamini. Usiku mmoja baada ya Isha nikamwambia, "Baba watoto, twende wote." Akanyamaza, kisha akasema, "Inshaallah kesho." Tukaenda.

Biharusi, kabla ya hina, nendeni mkapime nyote wawili. Nawe unayetumia dawa, mwenzako ana haki ya kujua. Ukiogopa kumwambia, au ukichelea kupigwa, mtake ushauri mhudumu wa kliniki yako. Atakusaidia kwa siri. Anayeona haya kwenda kituoni, tangu 2019 sheria ya Tanzania Bara inaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kipimo kikionyesha virusi, akathibitishe hospitali.

Mke na mume ni vazi la kila mmoja. Sitara ya ndoa ni kulindana, si kufichana.