Giza na Mbalamwezi

Jumamosi, 12 Aprili 2025
Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Mwezi umejaa, mitumbwi ya dagaa imevutwa mchangani. Taa haziwavuti dagaa mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo wavuvi wanashona nyavu na dada anazunguka mwaloni kudai madeni. Nimemuuliza kama wale samaki wadogo, furu, wamerudi. "Wapo, mwalimu, ila si wale wa mama. Wale walikuwa na rangi."

Jumapili, 27 Aprili
Giza limeingia, dagaa wamepatikana kwa wingi, na mvua nayo ikaja. Waliotandazwa mchangani wameloa, wamejaa mchanga. Mnunuzi wa chakula cha kuku anajipangia bei. Wenye vichanja wamenusurika. Dada hana kichanja.
Mvua hii inayomtia hasara ndiyo ziwa lenyewe: kama asilimia 80 ya maji yanayoingia humu hudondoka juu yake moja kwa moja. Miaka kama 15,000 iliyopita mvua zilipopungua, lilikauka. Lilipojaa tena ndipo aina zaidi ya 500 za furu zikachipuka. Zamani sana kwa dada. Kwa samaki, jana.

Alhamisi, 15 Mei
Kidato cha nne, mlolongo wa chakula. Nilichora mishale: mwani, furu, sangara, mtu. Mwanafunzi mmoja akauliza mshale wa kuni uko wapi. Nilicheka, kisha nikaona hoja anayo.
Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, upande wa Uganda. Katika Ghuba ya Mwanza alifurika miaka ya 1980, furu wakatoweka. Hilo kila mtu analijua. Lakini furu na dagaa hukaushwa na jua, sangara kwa mafuta yake hutaka moshi au kikaango. Miti ikakatwa. Udongo na mbolea vikateremka ziwani, mwani ukastawi, na furu waliokuwa wakiula mwani huo walikuwa wameshaliwa.
Halafu rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba jike la furu humchagua dume kwa rangi yake; maji yakichafuka hamtambui vizuri, aina zinachanganyika. Kumbe dada alisema kweli. Sangara alimeza aina nyingi, nyingine zimefutwa na tope, na tope hilo tunalitia wenyewe huku tukimlaani samaki. (Mchana nimekula sangara wa kukaanga. Mtamu.)

Jumamosi, 28 Juni
Upepo wa kusini-mashariki, baridi asubuhi. Miezi ya joto maji ya juu hukaa kama mfuniko, ya chini yakaishiwa hewa; sasa upepo unayavuruga. Yakipanda ghafla, sangara wanaweza kufa, maana hawavumilii kukosa hewa. Samaki kamongo hupanda juu kuvuta pumzi. Ziwa likizidi kupata joto, mfuniko utakawia kufunguka, na wa kuumia kwanza ni huyohuyo anayelisha viwanda vya minofu.
Magugu maji nayo hatuyaelewi vizuri. Yanaziba mwalo, tunayalaani, ila mizizi yake huwaficha furu na kamongo. Miaka ya 1990 walipandikizwa wadudu wa kuyala. Zikaja mvua za El Niño za 1997/98, magugu yakapungua. Nani alishinda, mdudu au mvua, wataalamu bado wanabishana.
Dada hana muda na ubishi huo. Giza la Julai linaangukia tarehe 24, anataka nguzo na wavu wa kichanja kabla ya hapo. Nimempa nusu ya fedha. Nusu nyingine atakopa kwenye kikoba.