Miduara Minne Kwenye Daftari la Kliniki

Tangu nianze mwaka wa kwanza, swali ni lile lile. Unakutana na mtu kantini, mnasalimiana, anauliza unasoma kozi gani. Ukijibu "uuguzi", anakuangalia kwa huruma kidogo, halafu anatupa swali: "Kwani udaktari ulikosa pointi?" Hata baba yangu mdogo, majina ya waliochaguliwa yalipotoka, alinipigia simu akanipa pole badala ya hongera.

Wanachuo wenzangu, sikukosa pointi. Nilisoma PCB, nikafaulu, na uuguzi niliujaza mwenyewe, chaguo la kwanza. Sababu ni mdogo wangu wa mwisho, pamoja na nesi mmoja ambaye hadi leo simjui jina.

Kwetu ni Kanda ya Ziwa. Mdogo wangu alipokuwa na miezi minane hivi, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, ngozi ikavutika mpaka inang'aa. Alilia usiku kucha. Zahanati walisema malaria, akapewa dawa, akapata nafuu. Baada ya wiki kadhaa ikarudi tena. Ikawa ndiyo maisha yetu: leo anacheza, kesho macho ni ya njano na hataki kuguswa.

Majirani wakasema mtoto amerogwa. Bibi, mama yake baba, akampeleka kwa mganga akachanjwa chale. Ilipoonekana hazisaidii, maneno yakahamia kwa mama. Upande wa baba wakasema ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa kama huo, kwa hiyo ameuleta yeye. Baba hakusema kitu, ila alianza kuchelewa kurudi, kisha akawa harudi kabisa siku nyingine. Jioni moja nilitoka shule nikamkuta mama anafunga nguo zake kwenye kitenge. Nilikuwa darasa la tano. Nilielewa maana yake bila kuambiwa.

Kabla hajaondoka, mtoto akazidiwa. Alikuwa anakaribia miaka mitatu. Tulimkimbiza hospitali, akaongezewa damu, akachukuliwa vipimo. Siku ya majibu baba alikuja pia, akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Daktari alitutajia jina la ugonjwa, selimundu, ambao wengi tunauita siko seli. Akaandika dawa, akaita mgonjwa mwingine. Foleni ilikuwa imefika nje, simlaumu.

Nesi ndiye aliyetufuata kwenye benchi. Akamwita baba aje akae. Akachukua daftari la kliniki, akageuza ukurasa wa nyuma, akachora baba na mama, kila mmoja na herufi mbili: A na S. Chini yao akachora miduara minne. Akaeleza kwamba kila mzazi anampa mtoto herufi moja. Mduara wa kwanza AA, mzima kabisa. Wa pili na wa tatu AS, wazima kama wazazi wao, wamebeba tu. Wa nne SS, ndiye anayeumwa. Kila mimba inaanza hesabu upya: nafasi ni moja kati ya nne.

Kisha akaweka kalamu chini, akasema taratibu: "Baba, hapa hakuna mwenye kosa. Ila mchango ni wa wote wawili."

Baba hakujibu. Alilichukua lile daftari, akalikunja, akalitia mfukoni. Jioni ile alimfungulia bibi ukurasa ule ule, akaeleza miduara kwa kidole, akikosea kosea. Bibi hakukubali siku hiyo, ilichukua muda. Lakini mama alifungua kitenge chake, akazirudisha nguo kabatini.

Nesi alitumia kama dakika 15. Sindano hakuchoma, wala dawa hakuandika. Ila bila dakika zile, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Leo darasani najifunza kwa majina makubwa yale aliyotuambia kwa lugha ya nyumbani. Chembe nyekundu za damu za mtu mzima kiafya huishi takriban siku 120. Zenye selimundu hupinda kama mundu na kufa ndani ya siku 10 hadi 20 hivi, ndiyo maana damu hupungua. Zikikwama kwenye mishipa midogo, ndipo yanapokuja yale maumivu. Aliyebeba AS hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, na hiyo ni sababu mojawapo ya hali hii kuenea sana kwenye maeneo ya malaria kama kwetu. Yeye alisema tu: mpeni maji mengi, asipigwe baridi, alale kwenye chandarua, vidonge vya foliki kila siku, na akipata homa msisubiri asubuhi.

Tulifuata, lakini maumivu hayakuisha. Miaka iliyofuata nimelala sana chini ya kitanda cha wodini. Mdogo wangu alikuwa na mtindo wake: akibanwa, anaomba tucheze drafti kwa vizibo vya soda. Halii, haongei, macho kwenye vizibo tu. Wapo manesi waliopita wakasema, "Huyu si anacheza? Huyu hana kitu." Mimi niliyekuwa nimeshika mkono wake nilijua unavyotetemeka. Nikaapa kwamba nikiwa nesi, mgonjwa hatanililia mara mbili.

Sasa niseme jambo ambalo sijalisema kwa mtu.

Mwaka wa pili, kwenye mazoezi ya vitendo, nilipangiwa zamu ya usiku. Kulikuwa na kijana wa rika letu, mgonjwa wa selimundu. Aliniita mara nne: "Sista, bado inauma." Nikamuuliza, kati ya 0 na 10, maumivu ni ngapi? Akasema 9. Mkononi ana simu, anatazama mpira. Mkubwa wangu wa zamu alikuwa ameshaniambia, "Huyo kazoea sindano, usihangaike naye." Nilikuwa nimechoka, nina mtihani keshokutwa. Nikaandika kwenye chati: 3.

Nilifika mezani, nikakaa. Ndipo vizibo vya soda vikanijia. Simu ile ilikuwa drafti yake.

Nilirudi. Nikagusa mkono wake, ulikuwa unatetemeka vile vile. Nikamwambia, "Kaka, naomba unisamehe, sikukusikiliza." Akanijibu bila hasira: "Tumeshazoea, sista. Ukilia unaambiwa unajifanya. Ukinyamaza unaambiwa huumwi." Nilisahihisha chati, nikaandika 9, nikaweka sahihi, nikamsumbua mkubwa wangu mpaka akampigia daktari. Dawa ilipoingia, yule kijana alizima simu akalala.

Mwaka 1968 nesi wa Marekani, Margo McCaffery, alifundisha kwamba maumivu ni yale anayoyasema mgonjwa mwenyewe. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote. Wahenga walishatangulia: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mimi niliyelala chini ya kitanda kile miaka yote, uchovu wa usiku mmoja tu ulitosha kunisahaulisha. Kuuguza ndugu kulinileta kwenye kozi hii, ila hakujanifanya nesi mwema. Hilo nalifanyia kazi kila zamu.

Mdogo wangu yuko kidato cha kwanza sasa. Anatumia haidroksiyurea, na siku za kulazwa zimepungua. Likizo iliyopita alinifunga drafti mara tano mfululizo, na safari hii hakuwa anaumwa popote.

Kwenu wenzangu mnaosoma kozi nyingine, nina maombi mawili. Mkiwa na mchumba, nendeni mkapime mjue herufi zenu kabla ya kupanga watoto, si kwa kuachana bali kwa kujua. Na wakija watu wa damu salama hapa chuoni, usipite mbali: ile chupa iliyomrudisha mdogo wangu ilitoka kwa mtu tusiyemjua.

Na ukinikuta kantini, usinipe pole.