Ndo Basi Tena?

Juzi usiku nilikuwa nimeinamia kompyuta nikimalizia makala ya sayansi. Kichwa cha habari nilishakipata, na nilikipenda kwelikweli: "Utoto Wako Umeandikwa Kwenye Damu". Mdogo wangu akapita nyuma yangu na sahani ya wali, akasoma, akasimama.

"Dada, kwa hiyo mimi ndo basi tena?"

Mama alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja. Mimi nilibaki kwa bibi, yeye akawa wa kuhamishwa: mara kwa shangazi, mara kwa mama mdogo. Hadi leo mlango ukibamizwa anashtuka. Sikuwa na jibu. Nikarudi kusoma upya, safari hii polepole.

Habari yenyewe inaanzia Montreal, Kanada. Mwaka 2004, Ian Weaver, Michael Meaney, Moshe Szyf na wenzao wa Chuo Kikuu cha McGill walichapisha utafiti wa panya. Wapo panya mama wanaolamba sana watoto wao, na wapo wanaolamba kidogo. Waliolambwa sana wakikua, homoni ya msongo hushuka upesi hatari ikishapita. Siri iko kwenye jeni inayotengeneza vipokezi vya homoni hiyo. Siku moja baada ya kuzaliwa, swichi ya jeni hiyo imezibwa na kemikali iitwayo methili kwa watoto wote. Kufikia siku ya 6, kwa waliolambwa sana imezibuka. Kwa wenzao, bado.

Sasa hapa ndipo nilipochapia. Hayo yalipimwa kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuuambia mwili "tulia, yameisha". Hayakupimwa kwenye damu. Jeni hiyohiyo inafanya kazi kwenye ini pia, ila kule homoni inahimiza sukari itolewe. Kila sehemu ya mwili ina swichi zake, na ina umri wake wa kuziwasha. Kwa kuwa hakuna aliye hai atakayekubali kumegwa ubongo, watafiti wengi hupima damu au mate, na alama za huko si lazima zifanane na za ubongoni.

Na kuna jambo nusura niliruke. Watoto wa mama wasiolamba, walipopewa mama wanaolamba mara tu baada ya kuzaliwa, walikua kama watoto wa mlezi. Hata panya wakubwa, walipotiwa dawa fulani ubongoni, tofauti ile ya methili ilifutika. Binadamu si panya, najua. Lakini "umeandikwa" lilikuwa neno langu mimi, si la utafiti.

Nikafuta kichwa cha habari. Nikamwita dogo, nikamsomea yote.

"Kwa hiyo hao waliohamishwa nyumba walipona?"

Nikamwambia inategemea walifikia kwa nani. Akanyamaza kidogo, kisha akavuta kiti akakaa karibu yangu.

Haya wadau, kichwa kipya bado sina. Mwenye nacho anisaidie.