Mjukuu Wangu na Sinia la Mchanga

Haya nayaandika kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima.

Wengi wenu mnaukumbuka mwezi wa Juni 2007, kimbunga Gonu kilipotufika Maskati, wadi zikashuka na Qurum ikajaa maji. Sisi tulipanda darini tukasalimika, alhamdulillahi. Lakini mjukuu wangu, mwenye miaka sita, alinyamaza. Skuli zilipofunguliwa akaingia darasa la kwanza, na mwalimu hakupata kwake hata neno moja. Tulimsomea, tukamnywesha kombe.

Mshauri wa skuli, binti kijana, akatuomba awe naye nusu saa kila wiki. Chumbani mwake mlikuwa na sinia la mchanga, ndoo ya maji, vijumba, vigari na watoto wa bandia. Nilikasirika. "Mwanangu, mtoto anaumwa, nawe unampa michezo?"

Hakubishana nami. Akanieleza kwamba mtoto mdogo hana maneno ya kila khofu yake, lakini mikono huweza kuionesha. Na kazi hiyo ina kanuni zake, alizoziandika Mmarekani Virginia Axline katika kitabu cha mwaka 1947: mtoto hutangulia, mkubwa hufuata, hamharakishi. Mipaka ipo, lakini michache.

Wiki baada ya wiki mtoto akakimwagia maji kijumba kile kile, na kila mara kwanza alikifungua mlango. Mshauri hakumhoji. Siku moja alisema tu, "Mlango umefunguliwa, maji yameingia."

Mtoto akajibu, "Nimefungua mimi. Paka alikuwa nje."

Basi jamaa, usiku ule wa Gonu mimi ndiye niliyepiga kelele, "Nani kafungua mlango?" Nikasahau papo hapo. Yeye miezi yote ile alidhani ndiye aliyeizamisha Qurum. (Na sisi tuliotoka Unguja wadogo mwaka 1964, sikumbuki mkubwa aliyetazama tulikuwa tukicheza nini.)

Mshauri alimwuliza kama bibi yake aje. Akakubali kwa kichwa. Nikaketi sakafuni na magoti yangu haya, nikamwambia kwamba maji yale yalivunja barabara za lami, sembuse mlango wetu. Na kwamba kosa lilikuwa langu kumpigia kelele.

Hakunijibu. Alinisogezea ndoo.

"Bibi, leo mwaga wewe."