Ziwa Tunalolijua Mwezi wa Saba

Watu wa Kamanga, kando ya Ziwa Victoria, wa rika langu tumeona wanafunzi wa ziwa wa namna tatu. Wa kwanza walikuwa Wazungu waliokaa kwetu mpaka wakajifunza kutania kwa Kisukuma. Wa pili walishuka kwenye magari ya mradi. Wa tatu ni watoto wetu wenyewe, wanaovuka na kivuko kutoka Mwanza mjini wakiwa na begi mgongoni, barua ya chuo mkononi na posho isiyotosha. Wote nimepita nao: kwanza nikiwa mtoto wa kuchambua samaki, halafu fundi wa maabara, na sasa mstaafu mwenye nyumba jirani na mwalo, nyumba ambayo kila aliyekosa pa kulala huelekezwa. Nimeona pesa ya kumleta mwanafunzi ziwani ikibadilika sura, na kila ilipobadilika, ilibadilisha pia kile tunachokijua kuhusu ziwa lenyewe.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo shirika la utafiti wa uvuvi wa maji baridi lililokuwa na makao yake Jinja, Uganda. Upande wetu wa ziwa ukabaki na wataalamu wachache wasio na makao makuu. TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, ilikuja kuundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Mwaka huohuo wa 1977, Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi kilianza kuwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Kundi hilo lilijulikana kwa kifupi cha HEST, na miongoni mwa waliolianzisha alikuwamo Frans Witte. Kisa kilikuwa biashara. Utafiti wa miaka ya nyuma yake ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani ulikuwa wa furu, na karibu na Mwanza kilikuwa kimejengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Ilitakiwa ijulikane ziwa litastahimili kuvuliwa kiasi gani.

Mjomba wangu alipata kibarua kwenye boti ya wanafunzi wa kundi hilo. Siku za likizo alinichukua nikamsaidie kuchambua. Samaki walimwagwa, wote wadogo, wote kwa macho yangu furu tu, na kazi ikawa kuwatenga: huyu mdomo umeelekea juu, huyu ana doa jekundu mkiani, huyu meno yake ni ya kusaga konokono. Wazee wa mwaloni walicheka. Furu alikuwa mboga ya mnyonge na chambo cha ndoana. Nani mwenye akili zake avuke bahari kuja kumhesabu meno? Mjomba hakucheka. Baada ya muda alimtambua furu kabla mwanafunzi hajafungua kitabu.

Wanafunzi wale walikaa. Walikuwapo wakati wa upepo mkali, walikuwapo masika, na mmoja alipoondoka kwenda kuandika tasnifu yake, mwingine alirudi kwenye vituo vilevile, kwenye mstari uleule unaokatiza ghuba kutokea upande wa Butimba. Fedha yao ilitoka chuoni kwao na katika mfuko wa Uholanzi wa utafiti wa nchi za joto. Ilimlipia kijana akae na swali lake mpaka limjibu, hata kama swali lenyewe halikuwa na faida ya kesho asubuhi.

Faida ilikuja kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Sangara alikuwa amepandikizwa upande wa Uganda tangu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwetu alionekana mmojammoja tu, mpaka miaka ya 1980 ilipoanza, kisha ndani ya misimu michache ghuba nzima ikawa yake. Wanafunzi waliokuja kusoma furu wakawa wanavuta wavu hauna furu. Kwa kuwa walikuwa na madaftari ya miaka ya kabla, waliweza kuiambia dunia kilichopotea: kati ya aina zaidi ya 500 za furu wa ziwa hili, takriban 200 zilihofiwa kutoweka. Bila madaftari yale, tungebaki na kauli ya wazee kwamba samaki wamepungua, kauli ambayo wazee wa kila kizazi huitoa. Mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alipokuwa anang'atuka, Witte na mkewe walimpa jina lake furu mmoja mwekundu wa kwenye mawe: nyererei. Bado yupo kwenye visiwa vya ghuba yetu.

Nisiwapambe kupita kiasi. Majina ya watu kama mjomba yaliishia kwenye aya ya shukrani, mwisho wa makala zilizochapishwa kwa lugha ambayo hakuisoma. Samaki waliowekwa kwenye dawa walisafiri. Ujuzi wa kidole chake ulibaki Kamanga, ukafa naye.

Nilisoma uvuvi pale Nyegezi, tukiwa wasichana wa kuhesabika, nikaajiriwa maabara wakati zama za pili zinaanza. Ziwa lilikuwa limekuwa habari ya dunia. Magugu maji yalifunga mialo. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa yake, yakabaki kuwa kitoweo chetu. Mwaka 1999, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa ziwa letu. Katika miaka hiyo utafiti ulipata fedha ambayo hatukuwahi kuiona. Mradi wa hifadhi ya mazingira ya Ziwa Victoria, LVEMP, ulianza 1997 kwa fedha za Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ukahusisha nchi zote tatu zenye ziwa hili. Mradi mwingine wa Umoja wa Ulaya ulileta vyombo vya kupima wingi wa samaki kwa mwangwi wa sauti.

Hizo zilikuwa siku za kushiba. Watanzania walipata shahada za uzamili na uzamivu kwa mkupuo. Mwanafunzi akifika, alikuta boti ina mafuta, kemikali zipo na posho inalipwa kwa siku. Ila mada alikuta imeshaandikwa. Mradi ukitaka kujua sumu kwenye minofu, utasoma sumu kwenye minofu. Ukitaka gugu maji, utasoma gugu maji. Na mradi una tarehe ya kufa. Awamu ya kwanza ya LVEMP ilipofungwa mwaka 2005, katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi boti ilibaki imefungwa gatini, na vipimo vilivyokuwa vikichukuliwa kila mwezi vikakatika kana kwamba ziwa nalo limefunga ofisi. Awamu ya pili ilipokuja, ilianza na vituo vyake na fomu zake. Ukitaka kuunganisha namba za zamani na mpya, unakuta hazikupimwa mahali pamoja wala kwa njia moja.

Katikati ya hayo ikatoka filamu ya Darwin's Nightmare, 2004, iliyoionyesha Mwanza kama jaa la Ulaya. Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Kwa miaka kadhaa mgeni mwenye kamera mwaloni alitazamwa kwa jicho baya, na hata mwanafunzi wetu mwenye dodoso aliulizwa: "Wewe umetumwa na nani?"

Zama za tatu ndizo hizi. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004, vyuo vikapanuka, na mtoto wa mvuvi akaweza kusoma sayansi za maji Dar es Salaam. Kwenye mkopo wake kuna fungu la mafunzo kwa vitendo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, siku zisizozidi 56. Elfu kumi hiyo haifikishi lita nne za petroli. Boti yenye injini, ikienda vituo vichache na kurudi, inakula posho ya wiki. Kwa hiyo wanakwenda na mtumbwi wa dagaa wakiomba lifti, au wanapima maji ya ufukweni na kuyaita ziwa.

Walio pwani wana afadhali kidogo. Zanzibar kuna WIOMSA, jumuiya ya sayansi za bahari iliyoundwa 1993, inayotoa ruzuku ndogo ambazo kijana anaandika pendekezo lake mwenyewe, kwa swali lake mwenyewe. Lakini hiyo ni ya Bahari ya Hindi. Wetu wa maji baridi hugombea ruzuku za COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pamoja na wenye mahindi, ng'ombe na malaria, au hujishikiza kwenye mradi. Siku hizi mradi ni vizimba vya kufugia samaki. Tangu serikali ianze kuwakopesha watu vizimba, kila anayekuja huulizwa sato anakua kwa kasi gani na chakula gani kinamfaa. Ni maswali mazuri. Ni ya mwenye kizimba.

Wanafunzi wa sasa wana jambo moja ambalo Waholanzi hawakulipata kwa miaka yote ile. Wanaketi na akina mama wanaoanika dagaa, wanasalimia "mwangaluka", wanaambiwa. Binti mmoja aliandika namna wachuuzi wa mabondo ya sangara wanavyobadilisha saa za kuvua, habari ambayo mgeni asingepewa hata angekaa miaka kumi. Na jina lake liko juu ya kazi yake.

Kinachonikosesha raha ni kalenda. Fildi, yaani hayo mafunzo kwa vitendo, ni ya likizo ndefu, Julai hadi Septemba. Huo ndio wakati upepo wa kusini-mashariki na ubaridi vinalichanganya ziwa, maji ya juu yakishuka na hewa ikifika kwenye kina. Mvua zikirudi, maji ya vilindini hujitenga na ya juu na kuishiwa hewa, mto Mirongo unashusha taka za mji, mashamba yanashusha udongo na mbolea, mwani unachanua. Wakati huo wanafunzi wako darasani. Nikipanga logibuku za wanafunzi nilizosaini kwa mwaka hata mwaka, nakuta nina ziwa la Julai, ziwa la Agosti, ziwa la Julai tena. Masika haimo. Tunatoa wataalamu wanaolijua ziwa likiwa na hewa tu, halafu tunawapa kazi ya kusema vizimba viwekwe wapi.

Dawa yake haihitaji Benki ya Dunia. Petroli ya siku moja kila mwezi, vituo vinne visivyohama, mwanafunzi mmoja kwa kila msimu, na daftari linalobaki hapahapa badala ya kuondoka na mwenye tasnifu. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo kuliko semina moja ya hotelini ya kujadili uhifadhi wa ziwa. Nimeisema hoja hii kwenye semina hizohizo, nikapigiwa makofi.

Mwaka jana kijana mmoja wa Geita, alipomaliza fildi yake, aliniuliza kama anaweza kurudi Desemba kupima tena vituo vyake. Nikamwuliza fungu la Desemba atalipata wapi. "Shikamoo bibi," alianza upya, kama afanyavyo mtu anayetaka kuomba, "mama amesema atanipa nauli akiuza mpunga." Akaja. Alipima, na hewa aliyoikuta kwenye kina haikufanana kabisa na ya Agosti. Namba hizo nimezinakili na kuzitunza, na nafurahi kwamba zipo. Lakini msimu wa mvua wa ziwa kubwa kuliko yote Afrika usitegemee bei ya mpunga wa mama mmoja wa Geita.