Baba Anapopenda Santuri

Karibu kila nyumba ina jambo ambalo baba analipenda kuliko alivyowahi kusema wakati wa uchumba. Kwa wengine ni mpira, kwa wengine ni kuku wa kisasa. Nyumbani kwetu ni vyombo vya muziki vya zamani: gramafoni, amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili za mbao. Tumeishi na vyombo vya namna hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Tumevifuta vumbi, tumevinunia, na tumejifunza mambo yanayoweza kumfaa mwenzetu aliye na mume kama huyu.

Tuelewe kwanza wanachokipenda. Santuri inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilitolewa na kampuni ya Columbia huko Marekani mwaka 1948. Kila upande ulichukua muziki wa dakika ishirini hivi, na sauti yake ilikuwa safi kuliko ile ya santuri za mwendo wa 78. Ndipo mafundi wakashindana kutengeneza vyombo vinavyostahili sauti hiyo. Uingereza ilitoa mashine ya Garrard 301 katika miaka ya 1950, na spika za Quad za umemetuli mwaka 1957. Wajapani walitoa Technics SL-1200 mwaka 1972. Vyombo hivyo vilijengwa kwa uimara, na fundi mwenye bisibisi aliweza kuvifungua na kubadili kilichoharibika. Kwa sababu hiyo vingi vinapiga hadi leo. Huko Japani iko mikahawa ambamo watu hukaa kimya mbele ya spika kubwa za zamani, wakinywa kahawa na kusikiliza santuri.

Wala tusidhani kwamba santuri ni mambo ya wanaume au ya wageni. Siti binti Saad wa Zanzibar, mwanamke aliyewahi kuuza vyungu, alikwenda Bombay, India, mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za Kiswahili. Bila santuri, sauti yake ingezikwa pamoja naye.

Vyombo vyetu vya kwanza vilikuwa vya baba mkwe, karani wa reli, aliyevinunua Nairobi mwaka 1974 kwa akiba ya miezi mingi. Alipofariki, baadhi ya ndugu walisema viuzwe. Mwaka uleule binti yetu mkubwa alipata nafasi ya chuo, na ada haikutosha. Akaja mnunuzi kutoka mjini, akataja bei ambayo ingelipa karibu mwaka mzima wa masomo. Jioni ile Baba Neema hakugusa chakula. Alikaa sebuleni akifuta santuri za Mbaraka Mwinshehe na za kwaya, moja moja, akizirudisha katika majalada yake.

Sisi wauguzi hufundishwa kumsikiliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Kwa hiyo hatukumwambia achague kati ya santuri na mtoto. Tulimwuliza tu: "Baba Neema, katika vitu hivi, ni kipi ambacho kikiondoka utaona umempoteza baba mara ya pili?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema ni gramafoni na santuri, maana hivyo ndivyo mzee alivyovishika kwa mikono yake kila Jumapili alasiri. Spika na amplifaya, alisema, vilikuwa vikisimama tu.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa mama mkwe, kwa kuwa mali ilikuwa ya mumewe. Akasema, "Wanangu, baba yenu hakununua vitu ili vikae. Hivyo vingine viuzeni, mjukuu asome. Gramafoni msiitoe." Ndivyo tulivyofanya. Fedha zilitosha muhula mmoja, na zilizobaki tulizitafuta kwa zamu za usiku na kwa kujibana. Kwa miaka miwili gramafoni ilikaa bila spika. Baadaye Baba Neema alipata spika kuukuu zilizooza sponji ya pembeni, akazibandika upya mwenyewe, na amplifaya akaipata vivyo hivyo.

Wakati huo tuliwekeana masharti, na kwa macho ya uuguzi tunawashauri wenzetu wayaangalie.

Kwanza, umeme. Amplifaya za vali, yaani zile zenye taa ndogo za kioo, huwa na volti mia tatu au zaidi ndani yake. Baadhi ya vipuri huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtoto asikaribie chombo kilichofunguliwa, na asiyejua kazi hiyo asiingize mkono. Tena chombo cha Marekani hutumia volti 120 na cha Japani volti 100. Kikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma, kitaungua na pengine kuwasha moto.

Pili, kulehemu. Lehemu ya zamani ina risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kazi hiyo isifanyike jikoni wala kwenye meza ya chakula. Baba anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto. Moshi wake pia huchokoza pumu, basi madirisha yawe wazi.

Tatu, masikio. Kelele ya desibeli 85 ikisikilizwa kwa saa 8 kila siku huanza kuhatarisha usikivu. Zikiongezeka desibeli 3 tu, muda salama hupungua kwa nusu. Zikifika 100, ni kama dakika 15 basi. Usikivu ukipotea kwa namna hii haurudi. Ikiwa mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane mkiwa hatua moja, punguzeni muziki.

Nne, fedha. Sisi tuna bahasha moja ya vyombo. Huwekwa kitu kidogo kila mwezi baada ya ada, chakula na matibabu. Bahasha ikiwa tupu, sindano mpya itasubiri. Na sisi akina mama tuwe na bahasha yetu pia, kwani nasi tuna tunavyovipenda.

Mama mwenzetu, mumeo akikuita usikilize, usiseme kila mara kwamba una kazi. Upande mmoja wa santuri ni dakika ishirini. Katika dakika hizo hashiki simu wala haendi kijiweni. Mama mkwe anapokuja kututembelea huketi karibu na spika, maana masikio yamepungua nguvu, akaweka kiganja juu ya mbao. Upande ukiisha, hutuambia tuugeuze.