Shibiri, Morita na Nyanda Nne

Mjomba wangu hakuwa na futi ya chuma. Alikuwa na mkono. Akitaka kukata kiraka cha bati, aliutandaza mkono juu ya mlango wa gari, gumba huku na kidole cha mwisho kule, akasema, “Shibiri mbili na wanda,” na bati likikatwa lilikaa mahali pake. Siku moja nilimpima kwa futi, akaniachia mkono huku akitazama pembeni: shibiri yake inchi 9 kamili, morita, gumba hadi kidole cha shahada, inchi 6 na kitu, na nyanda nne, vidole vinne vikibanana, inchi 3.

Nilianza kumsaidia mwaka 1998, mvua za El Niño zimekwisha na barabara za Malindi zimechimbika. Gereji yetu ilikuwa Barani, chini ya mwembe, haina ukuta. Yeye alinyoosha bodi na kupuliza rangi. Mimi nilipewa polishi. Polishi yenyewe ilikuwa ya mkono: fulana kuukuu, kopo la dawa ya kukatia, na bega. Teksi za Peugeot 504, Land Rover za mashambani, Datsun zilizokwisha kupakwa rangi mara tatu. Rangi yao ilikuwa moja toka juu hadi kwenye bati, tena nene. Ukisugua gari jekundu, fulana inakuwa nyekundu. Ulikuwa ukikiona kwa macho kile unachokiondoa, na ukiona fulana imekolea sana unajua umetosha.

Mashine ya kwanza mjomba aliinunua Mombasa, mitumba, kama mwaka 2001. Ilikuwa ile ya kuzunguka tu, nzito, na ilikuja na pedi moja ya manyoya ya kondoo, inchi 8. Mjomba aliifunika kwa kiganja akacheka kwa furaha: “Shibiri kasoro wanda!” Hatukuwa na wazo kwamba pedi huchaguliwa. Pedi ilikuwa pedi, kama jembe lilivyo jembe. Na kusema kweli ilitufaa. Boneti ya Land Rover ni tambarare kama meza. Paa la 504 ni uwanja. Kazi iliyokuwa ikinichukua siku mbili ilikwisha kabla ya adhuhuri, na gari lilipotoka chini ya mwembe kuingia juani watu wa barazani walisimama kulitazama. Miaka kadhaa nilijiona fundi kamili.

Magari ndiyo yaliyobadilika. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo yaliyoshuka bandarini Mombasa kutoka Japani kila mwaka yalikuwa mapya zaidi ya yale tuliyozoea. Bati lao limejikunja kama shuka lililobanwa: mistari mikali milangoni, fenda zilizotuna, bampa za plastiki zilizopakwa rangi. Na rangi yenyewe ilikuwa ya tabaka. Chini ile ya kumetameta, juu yake klia, tabaka lisilo na rangi linalobeba mng'aro wote. Rangi nzima ya gari kama hilo, toka bati hadi juu, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150, unene wa karatasi moja ya daftari au zaidi kidogo. Klia peke yake ni kama maikroni 40 au 50, chini ya unywele wa kichwa. Tena ukiisugua, fulana haibadiliki rangi. Unaondoa kitu usichokiona.

Mwaka 2006 mwalimu mmoja alituletea gari dogo la rangi ya fedha, aliloliwekea akiba miaka mingi. Alitaka liondolewe michirizi kabla ya harusi ya bintiye. Nikaanza na boneti, vizuri. Paa, vizuri. Nikafika fenda ya nyuma, pale inapopinda juu ya gurudumu na kukutana na ukingo wa mlango. Nilisikia harufu kabla sijaona kitu, harufu ya plastiki ikiungua, na nilipoinua mashine palikuwa na doa lililofifia, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Nilikuwa nimeila klia yote hadi kwenye fedha. Nilitazama manyoya ya pedi: meupe. Hayakuwa na ushahidi wowote.

Mjomba hakunipigia kelele. Kwetu mjomba naye humwita mpwawe mjomba, basi akasema, “Mjomba, ulipima?” Nikamwambia mashine niliiweka polepole, mizunguko 1500. “Sikuulizi mbio. Ulipapima?” Akauweka mkono pale kwenye fenda. Shibiri haikulala, pande zote mbili vidole vilining'inia hewani. Morita haikulala. Akavibana vidole vinne, vikalala. “Mahali pa nyanda nne umepaletea shibiri.”

Kisha akanikumbusha babu. Babu alikuwa seremala, na alilainisha mbao kwa majani ya mti wa msasa, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, ambayo ndiyo yaliyoipa karatasi ya duka jina lake. Kwenye ubao wa mlango alitumia jani zima chini ya kiganja. Akifika kwenye nakshi alilikunja, akalikunja tena, hadi liwe upana wa mfereji anaotaka kuuingia. Nilimwona akifanya hivyo utoto wangu wote. Yaani kuchagua ukubwa wa kitu kinachogusa kazi, hilo nyumbani kwetu lilikuwa jambo la kila siku. Mashine ilipoingia ikatusahaulisha, kwa kuwa ilikuja na pedi moja na nguvu nyingi.

Fenda ya mwalimu tuliipuliza upya kwa gharama yetu, na gari lilifika harusini. Lakini swali la mjomba lilinikaa. Nikaanza kutafuta kwa nini hasa doa lilitokea, na sababu ni rahisi ukiikalia. Pedi inayozunguka, katikati yake ni kama imesimama. Ukingo ndio unaokimbia. Kwa mizunguko 1500 kwa dakika, ukingo wa pedi ya inchi 8 unakwenda kama mita 16 kwa sekunde. Pedi ya inchi 3 kwa mizunguko hiyohiyo, ukingo wake unakwenda mita 6. Sasa weka pedi kubwa mahali palipotuna: uso wake wote hauwezi kulala, kwa hiyo uzito wako wote unaangukia kipande kidogo, mara nyingi kile cha ukingoni chenye mbio. Joto linakusanyika mahali pamoja, na klia ya maikroni 40 haistahimili. Hapo ndipo nilipojiwekea kanuni ambayo sijaiacha: weka pedi juu ya bodi kabla ya kuwasha mashine. Ikiwa sehemu yake inaning'inia, ni kubwa mno.

Tulihangaika miaka. Pedi ndogo zilianza kupatikana Mombasa, lakini mashine yetu ilikuwa ya zile kubwa. Kuna mafundi waliofunga pedi ndogo kwenye grainda ya kukatia chuma, na nawaomba vijana wanaosoma haya wasithubutu: grainda ndogo ya kawaida hukimbia mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Hiyo si polishi.

Njia ilifunguka kama mwaka 2014, kupitia mzee mmoja Mtaliano. Wataliano wamekuwa Malindi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni, na huyu alikuwa mtu wa kupenda magari. Alirudi kwao akatuuzia mashine yake kwa bei ya udugu: Rupes, ya kampuni ya Milano iliyoanzishwa mwaka 1947. Haikuzunguka tu; ilizunguka huku ikiyumba, na mwendo wa kuyumba ni milimita 15. Kwa kuwa haikai mahali pamoja, joto halirundikani haraka. Sahani yake ya kubandikia ni inchi 5, na pedi ya sponji inayokaa juu yake ni inchi 6. Mjomba akaigusa ile sponji, gumba na shahada. “Morita,” akasema, kama mtu aliyekutana na jamaa yake.

Niliuliza kwa nini sahani inchi 5 na pedi inchi 6, nikidhani tumepewa vitu visivyolingana. Ndivyo inavyotakiwa. Ile nusu inchi ya sponji inayozidi pande zote ni kinga: ukiinamisha mkono, kinachogusa gari ni sponji, si ukingo mgumu wa sahani. Nimeona magari yaliyochorwa mistari ya duara kwa sababu mtu alinunua pedi zilizolingana sawasawa na sahani. Kitu kingine nilichojifunza ni kuchora mstari kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sahani. Mstari ukipotea machoni, pedi inazunguka. Ukianza kuuona unatetemeka mahali pamoja, pedi imekwama, inayumba tu bila kukata. Ama umekandamiza mno, ama mahali pamepinda na pedi ni kubwa. Mstari ule ulinirudishia kile fulana nyekundu ilichokuwa ikinipa zamani, kitu cha kutazama.

Wenye pesa waliniuliza kwa nini sikununua dada mkubwa wa ile Rupes, yenye mwendo wa milimita 21 na pedi ya inchi 7. Ni mashine nzuri kwa Prado na mabasi. Lakini hesabu magari yanayopita Kibaoni asubuhi: Vitz, Probox, Fielder, Noah za matatu. Mlango wa Vitz una uwanja gani wa kukaa inchi 7? Anayeanza Malindi au Kilifi, ushauri wangu ni sahani ya inchi 5 kwanza, kisha mashine ndogo ya inchi 3. Nasema mashine, si pedi tu, kwa sababu uzito wa ndani wa mashine hizi umepimwa kwa sahani na pedi yake. Ukifunga pedi ndogo kwenye kubwa itakutikisa hadi kiwiko kife ganzi.

Inchi 3 ndiyo iliyotulisha, na sikuitarajia. Taa za 504 zilikuwa za kioo, zilivunjika, hazikufifia. Za magari ya sasa ni plastiki ngumu, na jua la kwetu huzigeuza rangi ya chai ya maziwa. Ukitoka Malindi usiku kwenda Mombasa, ukipita msitu wa Arabuko-Sokoke, giza ni giza, na mtu anayesukuma baiskeli ya makaa hana taa. Nimebeba jambo hili moyoni kuliko mng'aro wowote wa boneti. Taa haina mahali pa morita. Unafunika rangi kwa tepu ya karatasi, unaanza na msasa wa duara wa inchi 3, 800, 1000, 2000, 3000, maji yakitiririka, kisha sponji ya inchi 3 na dawa. Halafu lazima upake kinga mpya ya jua, la sivyo umanjano utarudi baada ya miezi michache. Dereva mmoja wa Mambrui alinirudia siku ya pili asubuhi kuniambia amekiona kituo cha Gede kabla hajakifikia. Hakuongeza neno.

Na ziko alama za pwani. Maji ya visima vyetu yametoka kwenye mawe ya matumbawe. Yakikaukia juu ya gari juani yanaacha duara la chokaa, na ukichelewa yanachimba. Kinyesi cha popo chini ya mwembe hufanya vivyo hivyo kwa usiku mmoja. Zamani doa la ukubwa wa ukucha lilinifanya nisugue mlango mzima, maana pedi yenyewe ilikuwa mlango mzima. Pedi ya inchi 6 ina eneo mara nne ya ile ya inchi 3. Kila mahali inapopita bila sababu inaondoa klia ambayo mwenye gari angeihitaji miaka mitano ijayo. Siku hizi naondoa doa na kuacha jirani zake. Ndogo ina usumbufu wake: inajaa dawa na kupata moto upesi, kwa hiyo gari moja hunitaka pedi nne au tano za inchi 3, nikizibadilisha na kuziosha mara kwa mara.

Sasa niko Kilifi, na anayefanya nami kazi ni binti wa dada yangu. Nilipomfundisha kupima kwa mkono alikosea wiki nzima, nami nikawa namrekebisha, hadi aliponishika mkono akaulinganisha na wake. Shibiri yake ni inchi 7 na nusu. Nyanda zake nne hazifiki inchi 3. Nilikuwa nimempa mkono wa mjomba. Akazichora pedi zote ukutani kwa chaki, na ndani ya kila duara akachora kiganja chake jinsi kinavyolala, morita yake inaishia wapi, nyanda ngapi zinabaki.

Mjomba alitutembelea mwezi uliopita. Macho yamepungua. Tulikuwa tumemaliza Fielder nyeusi, na tuliamini tumeimaliza. Akaizunguka polepole kwa kiganja, akapita boneti, mlango, nguzo ya kioo cha mbele, akasimama kwenye kona chini ya kioo cha pembeni ambapo hata taa yetu ya kukagulia haikuwa imefika vizuri.

“Babu, kuna nini?” binti akauliza.

“Hapa pana doa, mwanangu. Nyanda mbili.”

Binti akaiweka chini ile inchi 3 aliyokuwa ameishika, akaenda ukutani kwenye duara la mwisho, dogo kuliko yote.